Hatua nane mbele ya kioo: ni mila, ni afya, ao ni biashara?

Katika mkutano ule tulipochagua mada za kijitabu hiki, dada mmoja wa chama chetu alisimama akasema maneno ambayo watu waliyapigia makofi. Alisema: «Wazee wetu walijua kutunza ngozi. Walikuwa na mafuta, walikuwa na pemba, walikuwa na nkula. Leo sisi tunatumia sabuni, seromu na kremu za namna kwa namna. Ni mila ile ile, chupa tu ndiyo imebadilika.»

Mimi sikupiga makofi. Sikumjibu palepale, kwanza kwa sababu ninamheshimu, na tena kwa sababu nilikuwa bado sijapata maneno. Sasa nimeyapata. Ninasema hivi: si mila ile ile, hata kidogo. Na kwa sehemu kubwa si afya pia. Ni biashara, na wanaoilipia ni watoto wetu wa kike. Wasomaji wapenzi, mnivumilie nieleze pole pole, kama tunavyofanya kalasini.

1. Tunasema juu ya nini?

Ili tusipigane na kivuli, kwanza tueleze jambo lenyewe. Leo hapa Lubumbashi msichana akienda sokoni kutafuta mafuta ya kupakala, hauziwi tena mafuta. Anauziwa «gamu», maana yake vyombo vingi vya jina moja ambavyo, wanasema, haviachani. Siku moja nilisimama mbele ya meza ya muuzaji nikahesabu: sabuni ya kuogea; gomaji yenye chembechembe za kukwangulia; maji ya toniki ya kupangusia uso; seromu, neno ambalo sisi tulilijua hospitalini tu, kwa mgonjwa aliyetundikiwa chupa; kremu ya asubuhi; maziwa ya mwili; mafuta ya viungo, kwa ajili ya vidole na magoti; halafu kremu ya usiku. Vyote vinane. Nikamwuliza kama ninaweza kununua maziwa ya mwili peke yake. Akanicheka kwa upole: «Mama, ukikamata ile moja tu, aitatumika. Hii njo inafungula ngozi, hii njo inaingiza, na hii njo inafunga.»

Ngozi ya mtu inafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni kama duka!

Nisieleweke vibaya. Si kila anayenunua gamu anataka kujichubua awe mweupe. Wengi wanataka ngozi laini tu, isiyo na vipele. Hao ndio ninaotaka kusema nao hasa, kwa kuwa wale wa kujichubua wamekwisha kuhubiriwa sana. Lakini wote wawili wanapita mlango mmoja, na mlango huo ni fikira hii: kwamba ngozi haiwezi kuishi bila kuhudumiwa na chupa nane kila siku ya Mungu.

2. Mimi pia nilikuwa ndani

Ninayeandika si malaika. Miaka michache iliyopita, mdogo wangu alipokuwa anajitayarisha kwa ndoa, nilijitazama kwenye kioo nikaona uso wa mwalimu: vumbi la chaki, jua la barabarani, miaka zaidi ya arubaini. Nikanunua gamu nzima. Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi na upepo mkavu, yale mashika tunayoyajua wote hapa kwetu, ambapo hata midomo inapasuka.

Niliamka saa kumi na nusu alfajiri kila siku. Maji ya robine kwetu hayatoki kila wakati, basi nilitumia ya bidoni: maji ya kwanza kwa sabuni, ya pili kuondoa gomaji, ya tatu kusafisha vizuri. Bwana yangu akauliza: «Mama wa watoto, uso unaoga bidoni nzima, na sisi wengine tutaoga na nini?» Nilikasirika. Leo ninaona lilikuwa swali la haki.

Juma la kwanza, uso ulikuwa laini kweli. Siwezi kusema uongo. Juma la tatu ukaanza kuvuta, nikaongeza kremu. Juma la tano, vumbi la chaki likinigusa mashavu, ilikuwa kama pilipili. Wanafunzi waliona na walinyamaza, na wanafunzi wakinyamaza, mwalimu ajue jambo ni kubwa. Nikaenda kwenye kituo cha afya. Muuguzi, mama mmoja mzee kunishinda, akaniambia nilete vyombo vyote. Akavipanga mezani kwa mstari, akaanza kuviuliza kimoja kimoja: «Wewe, kazi yako ni nini?» Sabuni: kuondoa mafuta. Gomaji: kuondoa yale ambayo sabuni imeacha. Toniki: kuondoa tena. Kremu: kurudisha mafuta. Kisha akanitazama: «Mama mwalimu, unalipa mtu abomoe nyumba asubuhi, halafu unalipa mwingine aijenge jioni. Na nyumba ilikuwa nzima.»

Halafu akageuza tubu moja, akaniomba nisome maandishi madogo ya nyuma. Kulikuwa na neno hidrokinoni. Mimi ninafundisha biolojia. Nina diploma ya ISP. Sikuwa nimesoma nyuma ya tubu.

Alivitoa vyote, akaniachia maji, sabuni isiyo kali na vazelini. Ilichukua zaidi ya miezi miwili uso kutulia. Alama moja nyeusi kwenye shavu la kushoto imebaki mpaka leo. Kwenye picha za ndoa ya mdogo wangu, mimi ndiye nimesimama nyuma.

3. Wazee walifanya nini kweli?

Sasa tuingie katika mila, kwa sababu hapo ndipo dada yetu alipojengea hoja yake.

Nkambo wangu, mama wa mama yangu, alikuwa mtu wa Kasenga, upande wa Luapula. Likizo za utoto wangu nilizipitisha kwake, na utunzaji wake wa ngozi ninaweza kuueleza katika mistari miwili. Jioni alioga. Baada ya kuoga alipakala mafuta kidogo ya mbono, kwanza miguu, kisha mikono, yaliyobaki viganjani akajipangusa uso. Kibuyu kimoja kilitosha kwa nyumba nzima, wanaume kwa wanawake, na mtoto mchanga vilevile. Mchana, jua likiwa kali, alijifunga kitambaa na kutafuta kivuli. Basi. Kuoga, kupakala, kujifunika. Kwa lugha ya leo tungesema hatua tatu, na ya tatu haina bei.

Na pemba je? Na nkula? Hapo ndipo kosa lilipo. Vitu hivyo havikuwa vya kila siku. Nkula ni unga mwekundu wa mti wa mukula: mti unasuguliwa ao kutwangwa mpaka unakuwa unga, unga unachanganywa na mafuta. Pemba ni udongo mweupe. Vilitoka siku ya maana: msichana aliyevunja ungo anapotolewa nje, mama aliyejifungua, mtu aliyewekwa katika cheo. Kwa wazee wa huku, aliyeshinda kesi ya kusingiziwa alipakwa pemba ili wote wajue kwamba moyo wake ni safi. Mwingereza Audrey Richards, aliyeangalia unyago wa chisungu kwa Wabemba, ng'ambo ya pili katika Zambia ya leo, mwaka 1931, na akauandikia kitabu mwaka 1956, anaeleza namna nkula na weupe vinavyotumika pale kwa zamu, kila rangi na saa yake. Ilikuwa kazi ndefu, yenye hatua nyingi kushinda gamu yoyote ya sokoni. Lakini ilifanywa mara moja katika maisha ya msichana, na watu wengine ndio waliompaka. Hakuwa peke yake mbele ya kioo.

Tena tuangalie ule weupe wenyewe. Weupe wa pemba ulikuwa neno. Ulisema: huyu amebarikiwa, huyu amevuka, huyu hana hatia. Sherehe ikiisha, msichana alioga, akarudi mweusi kama alivyozaliwa, na hakuna aliyemlilia. Hakuna mzee aliyewahi kufikiri kwamba pemba iingie ndani na kula ngozi.

Basi tofauti iko wazi. Wazee waliweka mpaka kati ya siku ya sikukuu na siku ya kawaida. Siku ya sikukuu: marembo mengi, hatua nyingi, muda mrefu, mikono ya wengi. Siku ya kawaida: maji na mafuta. Gamu ya leo imevunja mpaka huo. Imechukua uzito wa unyago ikautia katika kila asubuhi, bila ngoma, bila shangazi, bila fundisho, bila mwisho. Msichana anatolewa nje kila siku, na kila siku anarudi ndani akiwa bado hajatosha. Hiyo si mila yetu. Mila yetu ilimwambia msichana siku moja: sasa umetosha.

4. Ngozi yenyewe inataka nini?

Tuache mila kidogo, twende kwenye biolojia, kwa maneno mepesi. Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kushinda vyote mwilini. Kwa mtu mzima inafikia karibu mita mraba 1,5 hadi 2. Tabaka lake la juu linajifanya upya lenyewe: seli zinazaliwa chini, zinapanda, zinakufa, zinadondoka, kwa muda wa kama mwezi mmoja kwa kijana, na zaidi kidogo kwa sisi tuliokomaa. Hazingoji gomaji. Zile seli zilizokufa juu si takataka. Ni kama matofali ya ukuta, na mafuta yaliyo kati yao ni udongo unaoyashika. Ukikwangua kila siku, unatoa tofali kabla ya wakati wake. Ukuta ukitoboka, maji ya ndani yanatoka na vumbi la nje linaingia. Hapo ngozi inakauka, inawasha, na wewe unasema: «Kumbe ninahitaji kremu nyingine.» Hivi ndivyo hatua moja inavyozaa nyingine.

Tena uso wa ngozi una asidi kidogo, pH karibu 5, na asidi hiyo inasaidia kuzuia vijidudu. Sabuni ya kawaida ya kipande iko kwenye 9 ao 10. Kuosha mara moja, ngozi inajirekebisha baada ya masaa machache. Kuosha na kukwangua mara tatu kwa siku, haipati nafasi. Wenye vipele ndio wanaojisugua sana wakifikiri ni uchafu, na ndio wanaoumia zaidi.

Kinachosaidia kweli, hasa wakati wa mashika, ni kitu kinachozuia maji kutoka. Vazelini inafanya kazi hiyo. Chesebrough aliipatia hati yake huko Marekani mwaka 1872, na mpaka leo vichache vinaishinda. Gliserini inavuta maji na kuyashika. Mafuta ya mboga yanalainisha. Ukisoma nyuma ya chupa za gamu, utakuta mara nyingi maziwa, kremu na seromu ni ndugu wa baba mmoja: maji, gliserini, mafuta, manukato, katika vipimo tofauti na kwa bei tofauti. Unanunua kitu kimoja mara nne.

Hatari nyingine ya vyombo vingi ni hii: vikiwa vinane, hujui ni kipi kinachokuunguza. Chombo chenye sumu kinajificha kati ya wenzake kama mwizi katika harusi. Hidrokinoni, ambayo inapunguza kazi ya seli zinazotengeneza rangi, mwanzo inang'arisha. Ukiendelea nayo kwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya rangi ya buluu-nyeusi ambayo ni shida kuyatoa. Madaktari wa Afrika Kusini, Findlay na wenzake, waliyaeleza tangu mwaka 1975, na nchi ile ikatoa sheria ya kuikataza katika vipodozi mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliikataza katika kremu za kung'arisha mwaka 2001. Klobetazoli ni dawa ya ugonjwa wa ngozi, nzuri mkononi mwa daktari. Ikipakwa kila siku kama mafuta, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika michirizi, na kidonda kinachelewa kupona. Zebaki inaharibu figo; nchi za Mkataba wa Minamata ziliamua mwaka 2023 kwamba kuanzia 2025 kipodozi chochote chenye zebaki kisitengenezwe tena, wala kuingizwa nchini ao kutolewa nje ya nchi. Sheria ziko. Lakini tubu haisomi sheria, inapita mpaka usiku, na inafika mezani sokoni kati ya vyombo visivyo na hatia.

Matokeo tunayaona na tunayachekea: uso Fanta, vidole Coca. Tunacheka, lakini ndani ya kicheko kuna mtoto wa mtu.

5. Nani anakula falanga?

Waliojifunza nasi wanakumbuka methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuulize basi, hatua hizi zimetoka wapi mpaka zikatembea mpaka kwetu?

Hazikutoka Kasenga. Mwaka 1968 huko Marekani kampuni ya Clinique ilianza na mpango wa hatua 3: kuosha, kukwangua kwa maji ya dawa, kulainisha. Kuelekea katikati ya miaka ya 2010 zikaja kupitia simu zetu hatua 10 zinazosemwa ni za Korea. Tatu zimekuwa kumi, na ngozi ya binadamu ni ile ile ya Adamu. Hata Wakorea wenyewe miaka michache baadaye walianza kusifu kupunguza vyombo. Sisi ndio tunabaki tunaongeza. Mwenye kuuza chupa anajua jambo moja: mtu ana uso mmoja tu. Ili auze nane, lazima auize hatua, si mafuta.

Nilifanya hesabu ubaoni pamoja na kalasi yangu. Gamu niliyonunua mimi ilikuwa dola 40, ikaisha kwa miezi miwili. Mara sita kwa mwaka: dola 240. Muda: dakika 25 asubuhi, dakika 20 usiku, jumla 45. Zidisha kwa siku 365, ni masaa 273 na dakika 45. Siku ya masomo yenye masaa 6, hiyo ni zaidi ya siku 45 za masomo. Kalasi ilinyamaza. Kijana mmoja akasema: «Mwalimu, ni mutihani mubaya kushinda Exetat.» Tulicheka, kisha hatukucheka tena.

Kwa sababu tulikuwa na mfano karibu. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya Leta ni bure, lakini ya sekondari mzazi analipa, na mwaka wa sita kuna falanga za kuandikishwa kwa mtihani wa Leta. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto mwenye akili, mama yake anauza mkaa, alipewa falanga hizo kwa vipande viwili. Kipande cha pili hakikufika shuleni. Kilienda kwenye meza ya gamu. Alifikiri atakirudisha kabla ya siku, na kwamba kwenye picha ya mwisho wa masomo atakuwa kama wenzake. Nilipomwita pembeni, uso wake ulikuwa umefura na kuwa mwekundu, akaniambia neno moja tu: «Mwalimu, bote baliniambiaka asema uso yangu inachoka.» Uso wa mtoto wa miaka kumi na minane umechoka! Nani alimfundisha neno hilo?

Nilitaka kumkaripia. Nikakumbuka bidoni yangu ya maji na alama ya shavuni. Nilishindwa. Walimu tulichanga, mtihani alifanya. Lakini mama yake mpaka leo hajui falanga za magunia yake ya mkaa zilipakwa wapi, na mimi, ninayejua, ninakutana naye njiani na kumsalimia.

Kuna jambo lingine linalouma. Katika miaka ya 2010 tuliona malori yakibeba magogo ya mukula kupitia Kasumbalesa, kwenda kutengenezwa samani huko China. Mti ule ule wa nkula! Mti unaokua pole pole sana, ambao nkambo alichukua kipande chake kidogo kwa siku ya sikukuu, uliondoka msitu kwa msitu. Na sisi, huku mti wetu wa urembo unapita barabarani, tulikuwa sokoni tunanunua urembo wa chupa. Anayesema hii ni mila ile ile katika chupa mpya, anionyeshe mila hiyo ilibaki wapi.

6. Kwa wale watakaonipinga

Najua majibu yatakayokuja.

Wa kwanza atasema: «Mwalimu, hata kwa Waluba mwanamke hakuzaliwa mzuri, alitengenezwa mzuri. Tazama sanamu za makumbusho yetu: nywele zilizosukwa kwa masaa mengi, tumbo lililochanjwa ntapo. Hiyo si kazi ya hatua?» Ni hoja nzuri, na ndiyo iliyonisumbua zaidi. Ni kweli, wazee hawakuamini kwamba uzuri unakuja wenyewe tu. Lakini ntapo zilikuwa maandishi. Mtu aliyejua aliweza kuzisoma. Zilichanjwa, zikapona, zikabaki. Mwanamke alizibeba kama mali yake mpaka kaburini. Gamu inaandika nini? Ukiacha kuinunua juma moja, kila kitu kinafutika. Ntapo iliongeza kitu juu ya ngozi ya Muluba. Gamu inaanza kwa kumwambia kwamba ngozi yake ni kosa. Sisemi turudi kuchanja watoto. Ninasema tusiitumie ntapo kutetea seromu.

Wa pili atasema: «Ni falanga zangu na ni uso wangu.» Kweli. Mtu mzima anayefanya kazi, anayefurahi kupakala jioni na kunukia vizuri, simwingilii. Raha ni raha. Lakini aiite raha, asiiite lazima. Kosa linaanza pale tunapomwambia binti yetu kwamba bila vyombo nane yeye ni mchafu.

Wa tatu atasema: «Wako watu wanaohitaji zaidi ya maji na vazelini.» Huyo ana haki kabisa. Ndugu zetu albino wanahitaji kremu ya kuzuia jua, kofia pana na mikono mirefu, tena kila siku. Kwao si urembo, ni kujikinga na kansa ya ngozi. Mwenye ekzema, mwenye chunusi kali, mwenye madoa yasiyoeleweka, aende kwa muuguzi ao daktari. Lakini angalieni: wanaohitaji kweli wanahitaji kitu kimoja ao viwili vinavyojulikana kwa jina. Na mara nyingi albino wa darasani kwangu anakosa kremu yake moja, wakati jirani yake ana chupa nane.

Wa nne, naye atasema kwa sauti ndogo, ni mwanaume: «Hayo ni mambo ya wanamke.» Hapana, baba. Anayemsifu msichana kwa kusema «umeng'aa» siku ya gamu, na kunyamaza siku zingine, naye yuko sokoni. Tena vijana wanaume nimewaona kwenye meza ile ile, wanavuta kofia chini.

7. Kwa kumaliza

Sikuandika ili tulie juu ya zamani. Naomba chama chetu mambo matatu, ambayo yanawezekana.

Kwanza, siku ya sikukuu yetu ya mwaka, tuwaombe wamama wazee watuonyeshe namna nkula inavyosagwa na pemba inavyopakwa, kila kimoja na maana yake na siku yake. Watoto waone kwamba marembo marefu tulikuwa nayo, na kwamba yalikuwa na mwisho. Tukipata mbegu, tupande mukula hata mitano. Hatutaiona ikikomaa, lakini wataiona wao.

Pili, sisi walimu, tutoe somo moja la kusoma nyuma ya chupa. Maandishi ni madogo na ni ya lugha za kigeni, lakini hidrokinoni, klobetazoli na zebaki ni maneno matatu tu. Mtoto anayeweza kukariri sehemu za ua anaweza kuyajua maneno matatu. Ningaliyatafuta mimi mwenyewe kabla ya kufungua tubu, shavu langu lingekuwa na hadithi nyingine.

Tatu, nyumbani. Mama anapompakala mtoto wake baada ya kuoga, asiharakishe kumwambia kwamba amekuwa mweusi, ao mkavu, ao amechoka. Ampakale tu. Nkambo alipomaliza kunipakala mbono, alinipiga kofi dogo mgongoni akasema: «Basi, enda kucheza.»

Dada yangu uliyesimama mkutanoni, sikukujibu siku ile. Hili ndilo jibu langu. Ukiwa na jibu lako, uliandike. Kijitabu kijacho kina nafasi, na mimi nitakusoma wa kwanza.